Je, wajua kwa nini mazungumzo ya dini huzuia ghasia mji mmoja na kushindwa mji mwingine?

Calicut na Aligarh ni miji ya India inayofanana sana kwa hesabu ya watu: katika kila mmoja, Waislamu walikuwa zaidi kidogo ya theluthi ya wakazi. Hata hivyo Aligarh umeonja ghasia za kidini mara kwa mara, ilhali Calicut umekaa kwa utulivu. Mtafiti Ashutosh Varshney alilinganisha miji sita ya nchi hiyo, miwili miwili, mmoja wenye ghasia na mmoja wenye amani, akachapisha jibu lake mwaka 2002.

Aligundua kuwa ujirani mwema peke yake hautoshi. Kuamkiana na kualikana sikukuu husaidia, lakini uvumi mkubwa ukivuma, mahusiano hayo hukatika. Kilichohimili ni vyama ambamo Wahindu na Waislamu walikuwa wanachama pamoja: vya wafanyabiashara, vya wafanyakazi, vya kitaaluma, vya siasa. Mfanyabiashara ambaye mzigo wake uko mikononi mwa mtu wa dini nyingine hupata hasara siku soko likichomwa, na anajua ampigie nani kuuliza kama habari ni ya kweli. Kamati za amani zilizoundwa na serikali mambo yakiwa yameshaharibika hazikuwa na nguvu hiyo.

Mwanasaikolojia Gordon Allport alikwisha kutaja masharti ya kukutana kunakofaa mwaka 1954. Kukutana hupunguza chuki pale pande zinapokuwa na hadhi sawa ndani ya kikao, lengo moja, ushirikiano wa kulifikia, na wenye mamlaka wanapounga mkono. Sharti la hadhi ndilo huvunjwa zaidi, tena bila kukusudia. Mwenyeji ni yuleyule kila mara. Upande mmoja unaleta wasomi watano, mwingine muumini mmoja anayetakiwa kuijibia dini yake nzima. Kikao kinapangwa Ijumaa mchana au Jumapili asubuhi bila mtu kuuliza. Aliyealikwa hivyo atakuja mara moja, mara ya pili atakuja kwa adabu tu, kisha hamtamwona tena.

Ni heri kuanza kikao na watu 12 hadi 16, idadi sawa kila upande, wanawake na vijana wakiwemo. Wazee wa dini wakikaa peke yao hupatana upesi, ila makubaliano yao hayawafikii vijana, ambao ndio huingia barabarani. Wawezeshaji wawe wawili, mmoja kila upande. Vikao vya mwanzo vishughulikie jambo linalowaumiza wote, kama maji, taka, au usalama wa watoto njiani kwenda shule. Masuala ya imani yasubiri mpaka watu wamezoeana. Hapo tena kuna kanuni: sema "mimi naamini", usiseme "ninyi mnaamini", kitabu cha dini kifafanuliwe na wenyewe, na asiwepo wa kumvuta mwenzake aingie dini yake.

Kanuni hiyo ya mwisho huwatia watu hofu kwamba wanaambiwa wafiche imani yao. Hofu hiyo ina haki ya kujibiwa. Nje ya kikao kila mtu yu huru kuhubiri. Ndani, mtu akihisi anawindwa hunyamaza, na hakuna tena cha kuzungumza. Mhadhara wa kushindanisha dini hutafuta mshindi mbele ya umati, na aliyeaibishwa hadharani huondoka na kinyongo. Angalieni Kaduna, Nigeria: Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye waliwahi kuongoza vijana wenye silaha wa pande zinazopigana. Wuye alipoteza mkono wa kulia. Ashafa alipoteza mwalimu wake na binamu zake wawili. Tangu 1995 wanapatanisha watu pamoja, na kila mmoja bado ni mhubiri wa dini yake.

Mafanikio yana mpaka wake. Nchini Iraki, Salma Mousa alichunguza ligi ya soka ya Wakristo waliokimbia kundi la wapiganaji la ISIS, baadhi ya timu zikiongezewa wachezaji Waislamu. Matokeo yalichapishwa 2020: Wakristo wa timu zenye mchanganyiko walielekea zaidi kuendelea kufanya mazoezi na Waislamu hata miezi sita baadaye, lakini hawakuonyesha ukaribu zaidi kwa Waislamu wageni nje ya uwanja. Kwa hiyo kundi moja la marafiki halitoshi kulinda mji mzima; yahitajika makundi mengi, sokoni, shuleni, viwanjani, yenye watu wanaofahamiana kati ya kundi na kundi.

Kazi ya kwanza ya mtandao huo ni uvumi. Kila mtaa uwe na watu wawili, mmoja kila upande, wenye namba za simu za wenzao. Habari ya kutisha ikifika, wanakwenda pamoja mahali panapotajwa, wanaona kwa macho yao, kisha kila mmoja anawatangazia watu wake maneno yaleyale. Utaratibu huu ujaribiwe kipindi cha utulivu, kwa sababu mara nyingi namba hukutwa zimebadilika, au aliyechaguliwa amehama na hakuna aliyeshika nafasi yake.