Jamani, Tuache Kwanza Habari ya Rangi

Kila kamati ya kituo cha afya inayonipigia simu hapa Dodoma huanza na swali hilo hilo: tupige rangi gani ili wagonjwa watulie? Na wakati wanauliza wameshachagua. Bluu ya bahari, au kile kijani cha wodini, rangi ya mafuta mpaka usawa wa kifua na nyeupe juu. Juzi nimeulizwa tena na mganga mfawidhi, tukiwa tumesimama kwenye ukumbi ambao ilibidi anirudie swali mara mbili kwa kelele. Uvumilivu umeniisha.

Rangi niimalize haraka. Mwaka 1979, mahabusu ya jeshi la majini kule Seattle, Marekani, ilipaka selo rangi ya waridi ili waliofungwa wapoe. Habari ikaenea dunia nzima. Watafiti waliorudia jaribio hilo baadaye kwa makini zaidi hawakuuona huo upole. Sisemi rangi haina kazi. Ila rangi ya mafuta inayong'aa, ikipigwa na jua la saa tisa la huku kwetu, inaumiza macho, kwa hiyo chukua isiyong'aa. Basi.

Kinachomvuruga mgonjwa ni sauti. Lipu ngumu na marumaru hufyonza chini ya asilimia 5 ya sauti, inayobaki yote inarudi ukumbini. Ongeza bati lisilo na dari, watoto wa kliniki, na muuguzi anayeita majina. Kila mtu anapandisha sauti ili asikike, na jirani naye anapandisha. Mwenye presha anapimwa humo humo, halafu tunashangaa mashine inasoma juu.

Sasa twende dirisha la mapokezi. Kioo kizima, kitundu kimekatwa usawa wa tumbo. Bibi kutoka Chamwino anainama, anapenyeza kadi, kisha anatega sikio pale pale kwenye tundu. Dada wa ndani anauliza kwa nguvu, "Bibi, unasumbuliwa na nini?" Bibi kimya. Benchi la kwanza liko mgongoni kwake na limejaa watu wa kijijini kwao. Akifika kwa daktari atasema kichwa tu.

Ushauri ninaopewa kila mara ni kusogeza benchi nyuma. Uwanjani, umbali ukiwa mara mbili sauti hushuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ndani ya ukumbi wa marumaru haishuki hivyo, maana ukishafika mbali kidogo unachosikia kimetoka ukutani zaidi kuliko mdomoni. Maneno huchujuka, ni kweli, lakini jina la ugonjwa halihitaji kusikika vizuri ili litambulike. Anza na dari laini, ile inayofyonza sauti. Ndipo usogeze benchi, halafu kaunta ishushwe na mgonjwa apewe kiti, wazungumze uso kwa uso bila kupigiana kelele. Na zile trei za mayai ukutani, tafadhali! Hazifyonzi cha maana, na zinashika moto.

Kuna kundi jingine limesikia habari za mtafiti Roger Ulrich, aliyeonyesha mwaka 1984 kwamba waliotolewa kibofu cha nyongo na kulazwa karibu na dirisha lenye miti waliruhusiwa mapema kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Wakanunua mabango ya maporomoko ya maji. Dodoma! Mwarobaini umesimama hapo nje bure, ila kizingiti cha dirisha kimejengwa juu kiasi kwamba aliyekaa anaona mbingu na nondo tu. Kishusheni. Wagonjwa wenyewe wanajua pa kupumzikia, ndiyo maana ukumbi mpya una nafasi na kivulini kumejaa. Wanaobanana koridoni ni wale wanaoogopa jina litarukwa. Wapeni namba, na kibao kinachosomeka kutoka pale mtini.

Linaloninyima usingizi ni hili. Dari laini na mapazia mazito humeza sauti, na humeza vumbi vilevile. Watu wa kuzuia maambukizi wanataka kila kitu kipanguswe kwa klorini, na hawajakosea. Kisha kuna hewa: Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2009 lilipendekeza lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa kwenye wodi za kawaida zinazotegemea upepo. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu, na upepo wa Agosti ukianza muuguzi anayafunga yote. Matundu ya hewa ninayochora juu ya ukuta nayakuta yamezibwa kwa maboksi ya dawa. Simlaumu, mwenye kufuta vumbi mezani ni yeye. Miti upande wa mashariki hupunguza, ila inataka maji na miaka, na kamati inataka kufungua jengo mwezi ujao. Mwenye mbinu ya kuzuia vumbi bila kuzuia hewa, na bila kuongeza bili ya umeme, aniandikie hapo chini.