Laptopu Inayochaji na Kuacha: Dhana Potofu na Ukweli kwa Watumiaji wa Lamu

Katika mji wa Lamu, laptopu inapoanza kuchaji na kuacha, hukumu ya kwanza huangukia betri. Mwanafunzi wa Langoni humwambia kakake kwamba betri imekufa, kakake humwomba jamaa aliye Mombasa atafute nyingine, na baada ya siku kadhaa mzigo hufika Mokowe kwa basi na kuvushwa kwa boti hadi kisiwani. Betri mpya ikishafungwa, chaji huingia kwa dakika chache, kisha ikakatika vilevile. Fedha zimekwisha, na ubovu uko palepale ulipokuwa. Hasara hii hutokana na dhana ambazo zinaweza kuondolewa kwa uchunguzi mfupi, ambao mtu yeyote mwenye utulivu anaweza kuufanya nyumbani kwake.

Dhana: Chaji inayokatika ni dalili ya betri kufa

Betri iliyochakaa ina tabia yake. Hujaa upesi na kuisha upesi, na uwezo wake hupungua taratibu kwa miezi mingi. Betri za lithiamu-ioni zilizomo katika laptopu nyingi hutarajiwa kubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji, na baadhi, kama zile za MacBook za miaka ya karibuni, zimekadiriwa kufikia mizunguko 1,000. Chaji inayoingia na kukatika mara kadhaa katika saa moja, hasa ikiwa hali hubadilika waya unapoguswa au mashine inaposogezwa, inaeleza jambo jingine kabisa: mahali fulani katika njia ya umeme pana muunganisho unaoshika na kuachia.

Njia hiyo ni ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Umeme hutoka katika soketi ya ukutani, ukapita kwenye plagi na fyuzi yake, ukaingia katika adapta na kushushwa hadi takriban volti 19 au 20, ukafuata waya mwembamba hadi kwenye ncha ya chaja, ukaingia katika tundu la laptopu, ukapita katika saketi inayoratibu chaji kwenye bodi kuu, ndipo ukaifikia betri. Betri ni ya mwisho katika safu hiyo, nami naona si haki iwe ya kwanza kushtakiwa.

Kwa laptopu za zamani ambazo betri yake hutolewa kwa kusukuma vibanio viwili vya chini, jaribio ni rahisi. Zima mashine, toa betri, chomeka chaja, kisha iwashe kwa umeme wa chaja peke yake na uuchezeshe waya kwa upole karibu na tundu na karibu na adapta. Mashine ikizimika ghafla, betri haina kosa lolote, kwa kuwa haimo. Kwa laptopu ambazo betri imefungwa ndani, iache mashine ikiwa imewaka, uangalie alama ya betri kwenye kioo huku ukiugeuza waya polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Alama ya kuchaji ikionekana na kupotea kwa kufuata mkono wako, umekwisha kupapata mahali penye ubovu.

Mwenye kutumia Windows anaweza pia kuipima betri bila ya kumlipa mtu. Akifungua dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika powercfg /batteryreport, mfumo humtengenezea ripoti inayoonyesha uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo ambao inaweza kuujaza sasa. Betri iliyoundwa kwa miliwati-saa 48,000 na ambayo sasa hujaa kwa 41,000 bado ina takriban asilimia 85 ya nguvu zake, na kuinunulia mbadala ni kutupa fedha. Ikiwa imeshuka hadi 15,000, hapo mazungumzo ni mengine.

Dhana: Taa ya chaja ikiwaka, chaja ni nzima

Dhana hii huwapoteza hata watu wenye uzoefu. Taa ndogo iliyo juu ya adapta huonyesha tu kwamba adapta inapokea umeme na kutoa volti kiasi, na mara nyingi imewekwa kabla ya waya unaokwenda kwenye laptopu. Waya huo ukiwa umekatika ndani ya ngozi yake ya plastiki, taa itaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Sehemu zinazokatika zaidi ni mbili: pale waya unapotokea katika adapta, na pale unapoingia katika ncha ya chaja. Hapo ndipo unapopindwa kila siku, na hapo ndipo mtu anayeuzungusha waya kwa nguvu kwenye adapta anapozikata nyuzi zake ndogondogo za shaba, moja baada ya nyingine, hadi zikabaki chache zinazogusana kwa bahati.

Kupima kwa mita peke yake hakutoshi. Mita itasoma volti 19.5 zilizo sawa kabisa, kwa sababu haivuti umeme wa maana. Laptopu inapoanza kuvuta, volti huporomoka kwenye nyuzi zilizobaki na chaji hukatika. Jaribio lenye uhakika zaidi ni kuazima chaja nyingine yenye vipimo vilevile na kuitumia kwa saa nzima. Lamu ni mji wa watu wanaojuana, na kumwendea jirani au mwalimu mwenye laptopu ya aina hiyo ni rahisi kuliko kuagiza kifaa ng'ambo ya maji.

Ipo hali moja inayostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa imewafanya wengi wanunue betri bure. Katika laptopu nyingi za Dell na HP zenye tundu la duara, ncha ya chaja ina pini nyembamba katikati. Pini hiyo haileti umeme wa kuchaji. Kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa laptopu. Ikipinda, ikichakaa au waya wake ukikatika, laptopu hupata umeme wa kutosha kuwaka, lakini kwa kuwa haijui ni chaja ya nguvu gani, hukataa kuichaji betri na mara nyingi hupunguza kasi ya kazi zake. Mwenye mashine huona imechomekwa, inafanya kazi, lakini asilimia hazipandi, naye huamua kwamba betri imegoma. Dell huonyesha ujumbe mashine inapowaka kwamba aina ya adapta haikuweza kutambuliwa. Ujumbe huo usipuuzwe kwa kubonyeza kitufe na kuendelea, kwani ndio utambuzi wenyewe wa maradhi.

Dhana: Chaja yoyote inayoingia kwenye tundu inafaa

Kwa chaja za tundu la duara, volti lazima zilingane na zile zilizoandikwa chini ya laptopu, na ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, ziwe sawa au zaidi. Wapo wanaoogopa ampea nyingi wakidhani zitaiunguza mashine, na hofu hiyo haina msingi, kwa sababu laptopu huvuta kiasi inachohitaji tu. Hatari iko upande wa pili. Chaja ya volti 19.5 na ampea 2.31 hutoa wati 45, na ile ya ampea 3.34 hutoa wati 65. Mashine inayohitaji 65 ikipewa 45, inaweza kuchaji inapolala na kupoteza chaji inapofanya kazi nzito, na mwenye nayo huona kama ugonjwa wa kuja na kuondoka.

Kwa tundu la USB-C, ukubwa wa tundu hauelezi chochote kuhusu nguvu. Chaja na laptopu hupatana kwanza juu ya volti, kwa kawaida kati ya 5, 9, 15 na 20, na chaja ndogo ya simu huenda isifikie kiwango ambacho laptopu inakikubali. Waya nao una mipaka: ule wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, na kuvuka hapo huhitaji waya wenye kichipu cha utambulisho ndani yake. Waya wa bei ya chini uliouzwa kwa ajili ya simu unaweza kuwa chanzo chote cha taabu.

Dhana: Ni umeme wa Lamu tu

Lawama hii ina historia, kwani kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa mji ulitegemea jenereta za dizeli, na kukatika kwa umeme hadi leo si jambo geni. Lakini soma maandishi yaliyo kwenye adapta: nyingi hupokea volti 100 hadi 240, hivyo umeme unaoshuka kidogo chini ya volti 240 za Kenya hauwezi kuizuia kufanya kazi. Madhara hutokana zaidi na volti kupanda ghafla umeme unaporudi baada ya kukatika, na soketi zilizolegea ambazo plagi hucheza ndani yake. Ekstensheni ya zamani inayotoa cheche inapochomekwa ibadilishwe kabla ya kitu kingine chochote. Kwa nyumba zinazotumia sola, inveta za bei nafuu ambazo wimbi lake la umeme si laini huzifanya baadhi ya adapta zivume na kupata joto kupita kiasi. Laptopu ikichaji vizuri kwa umeme wa gridi na kusumbua kwa sola pekee, jawabu limepatikana.

Dhana: Laptopu haijaingia maji, kwa hiyo haiwezi kuwa na kutu

Hapa ndipo wakazi wa mwambao wanapotofautiana na watu wa bara, na ndipo maelekezo yaliyoandikiwa miji mikavu yanapopungukiwa. Hewa inayovuma kutoka baharini hubeba chembe za chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Chembe hizo zikitua kwenye vyuma vya tundu la chaji, kwenye ncha ya chaja, na kwenye meno yanayounganisha betri na bodi, hujenga utando usioonekana kirahisi ambao huzuia umeme kupita sawasawa. Mashine inayowekwa kwenye meza iliyo mkabala na dirisha la baharini, au inayotumika kila jioni barazani Shela, hupata utando huo bila ya kuguswa na tone la maji, na msimu wa mvua za kusi huuongezea nguvu. Rangi ya kijani kwenye shaba ni alama ya mwisho, na muunganisho huanza kusumbua kabla haijaonekana.

Usafishaji wake ni wa upole. Zima mashine, ondoa chaja, na ikiwezekana itenganishwe betri, ndipo utumie spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa pamba iliyobanwa kwenye kijiti, na uache ikauke kabisa kabla ya kuchomeka chochote. Msasa na ncha ya kisu visitumike, kwa kuwa vyuma hivyo vimepakwa tabaka jembamba la madini linalovikinga, na tabaka hilo likikwanguliwa kutu itarudi upesi zaidi. Manukato na petroli pia si dawa yake.

Ikiwa tundu lenyewe linacheza, usafi hautasaidia. Katika laptopu nyingi tundu huungwa kwa waya mfupi wenye plagi ndani, na fundi hulibadilisha bila ya kulehemu. Katika nyingine limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, na kazi hiyo inahitaji mkono uliozoea. Muulize kabla ya kukubaliana bei: "Fundi, tundu hili ni la waya au limelehemiwa kwenye bodi?" Fundi mwema ataifungua mbele yako na kukuonyesha.

Dhana: Ikikataa kupita asilimia 80, imeharibika

Mara nyingi haijaharibika. Watengenezaji kama Lenovo, ASUS na Dell huweka mpangilio unaosimamisha chaji kwenye asilimia 80 au hata 60, kwa sababu betri inayokaa imejaa muda wote huchakaa haraka. Aliyenunua laptopu iliyotumika huenda amerithi mpangilio wa mwenyewe wa kwanza. Joto nalo husimamisha chaji kwa makusudi: betri ya lithiamu-ioni haipaswi kuchajiwa juu ya takriban nyuzi 45 za Selsiasi, na laptopu iliyowekwa juu ya godoro mchana wa kaskazi hukifikia kiwango hicho bila ya shida. Ihamishie kwenye meza kivulini. Usiiweke kwenye friji, kwani ikitolewa hewa yenye unyevu hugeuka matone ndani yake.

Wale wanaoshauri betri iishe hadi sifuri ndipo ichajiwe wanarudia kanuni ya betri za nikeli-kadimiamu. Lithiamu-ioni, ambayo Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, huumizwa na desturi hiyo. Kuiacha ishuke mara mojamoja husaidia tu kipimo cha asilimia kisome kwa usahihi.

Betri inapokuwa kweli ndiyo yenye kosa

Hutokea. Asilimia huruka kutoka 40 hadi 5, au mashine huzimika chaja inapotolewa ingawa alama inaonyesha imejaa. Dalili nzito kuliko zote ni kuvimba: pedi ya kugusia huinuka, au mfuniko wa chini huachana na kingo zake. Hapo acha kuichaji siku hiyohiyo, usiitoboe wala usiibonyeze irudi, na mpe fundi aitoe, kwa maana betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto. Isitupwe katika taka zinazochomwa. Unapoagiza mpya, mpelekee muuzaji picha ya maandishi yaliyo kwenye betri yenyewe, pamoja na namba yake na volti zake, kwa sababu laptopu mbili zenye jina moja zinaweza kutumia betri zisizolingana.