Emakimono: picha inayosomwa kwa mikono miwili

Ukiikuta emakimono kwenye jumba la makumbusho, itakuwa imelazwa ndani ya kioo, imefunguliwa wazi, na watu wanapita kando yake kama wanaokagua gwaride. Waliozichora hawakukusudia zitazamwe hivyo. Emakimono ni gombo la Kijapani la picha, na ni la kushikwa mkononi. Jina lenyewe linasema: e ni picha, maki ni kuviringisha, mono ni kitu. Wengi hukatisha wakaita emaki.

Kurasa za karatasi, mara chache hariri, huunganishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu mpaka upatikane ukanda wenye kimo cha sentimita 30 hivi na urefu ambao mara nyingi hufika mita 10. Mwisho wa ukanda hushikizwa kwenye kijiti cha kuviringia. Mwanzoni kuna kamba ya kufungia. Msomaji hukunjua kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiviringisha kilichokwisha kusomwa. Mbele yake panabaki wazi kipande cha sentimita 50 au 60 tu. Hadithi inatoka kulia kwenda kushoto, kama tenzi zetu zilizoandikwa kwa khati za Kiarabu. Akimaliza hana budi kuliviringisha gombo lote upya, maana mwanzo umeshafukiwa ndani.

Utamu wote uko hapo: mchoraji anajua usichokiona bado. Katika gombo la Shigisan, la karne ya 12, unakuta watu wanatoka mbio nyumbani kwa tajiri, midomo wazi, macho juu. Kuna nini? Unakunjua kidogo, na ghala zima la mchele linaelea angani, limebebwa na bakuli. Bakuli hilo ni la mtawa Myoren, aliyekuwa akilituma lenyewe kuomba chakula, na tajiri alilipuuza akalifungia ghalani.

Siku hizi watu husema emaki ni babu wa filamu za katuni. Hata Takahata Isao, mwongozaji mashuhuri wa katuni, alilitetea wazo hilo. Sina ugomvi nalo, ila kwenye filamu kasi ni ya mwongozaji. Hapa kasi ni ya mkono wako.

Ujanja mwingine ni kumchora mtu yuleyule mara kadhaa mahali pamoja. Gombo la Ban Dainagon, mkubwa mmoja wa serikali, linasimulia moto ulioteketeza lango la Otenmon, Kyoto, mwaka 866. Katikati yake kuna ugomvi wa watoto wawili. Wanashikana nywele, baba wa mmoja anatoka mbio, anampiga teke mtoto wa mwenzake huku wa kwake amejificha nyuma yake, kisha mama anamburura mwanawe nyumbani. Yote hayo yako kwenye uwanja mmoja, bila mstari wa kutenganisha, na jicho linazunguka tu. Teke hilo ndilo lililofichua siri: baba wa mtoto aliyepigwa alikuwa amemwona mkubwa huyo, ambaye ndiye aliyechoma lango, na kwa hasira akaropoka.

Fani hii ilianzia kwenye magombo ya China, ikaingia Japani kufikia karne ya 8, na ikashamiri kati ya karne ya 12 na 14. Kwa kawaida maandishi hupokezana na picha, ingawa magombo ya wanyama ya hekalu la Kozanji, yenye sungura na vyura wanaopigana mieleka, hayana hata neno moja.

Yanayosifiwa kuliko yote ni magombo ya karne ya 12 yanayosimulia Hadithi ya Genji, riwaya ya kale ya Kijapani kuhusu maisha ya watu wa ikulu. Humo nyumba zimeezuliwa mapaa ili tuchungulie ndani kutoka juu. Nyuso za mabibi na mabwana karibu zote zinafanana: jicho ni mstari, pua ni kindoano. Usitafute huzuni usoni; itafute kwenye sakafu iliyoinamishwa na mapazia yaliyopinda. Vipande vilivyosalia vipo hasa Nagoya na Tokyo. Rangi ilikuwa ikipasuka kila gombo linapoviringishwa, na mwaka 1932 vile vya Nagoya vikatenganishwa, vikahifadhiwa bapa, ukurasa mmojammoja.