Hamira kwa ng'ombe na nguruwe: ipi, kiasi gani, na lini

Mfugaji wa Jinja au Luzira, Uganda, anayebeba machicha kutoka kiwanda cha bia mara nyingi huamini anawalisha ng'ombe wake hamira. Machicha ni makapi ya shayiri. Hamira ya kiwandani ni ule uji mzito, wenye rangi ya chai ya maziwa, unaobaki chini ya matangi bia ikishachacha. Hamira hai ya mifugo inayouzwa dukani ni chembe kavu kama za hamira ya mandazi. Kila kimoja kina kazi yake, na hasara nyingi huanzia kwenye kuvichanganya.

Tuanze na hamira hai. Tumbo la kwanza la ng'ombe halitaki oksijeni, lakini kila tonge la matete huingia na hewa kidogo, na hewa hiyo huwadumaza bakteria wanaomeng'enya nyuzi. Hamira huitumia oksijeni hiyo. Pia huwapa nguvu bakteria wanaokula asidi ya laktiki, ile inayopanda ng'ombe akipewa pumba nyingi kwa mkupuo mmoja. Majani yakimeng'enywa haraka tumbo hupata nafasi, na ng'ombe hurudi horini mapema. Maziwa ya ziada hutoka hapo. Hamira yenyewe haizaliani vya kutosha kubaki tumboni; hutoka na kinyesi, kwa hiyo hutolewa kila siku.

Kwa ng'ombe wa maziwa mengi anayekula chakula cha kukamulia, tarajia nyongeza ya kama lita 1 kwa siku. Ng'ombe wa lita 5 anayekula majani makavu ya kiangazi cha Juni hadi Agosti hahitaji hamira; anahitaji maji, mashudu ya pamba na majani mabichi. Mnunulie hivyo kwanza.

Soma kwenye pakiti idadi ya seli hai za hamira kwa gramu. Bidhaa yenye bilioni 10 kwa gramu hutosha kwa gramu 1 hadi 5 kwa ng'ombe kwa siku, kufuatana na maelekezo yake. Tatizo huja kwenye kuchanganya. Ukiambiwa "kilo 1 kwa tani", ng'ombe anayekula kilo 2 za chakula hupata gramu 2, na wa kilo 8 hupata gramu 8. Hesabu kwa kichwa cha ng'ombe: kama kila mmoja anakula kilo 4 kwa siku na unataka apate gramu 5, kilo 100 za chakula ni sehemu 25, basi weka gramu 125. Zichanganye kwanza na kilo 1 ya pumba laini, kisha kilo 10, ndipo umalizie na zilizobaki. Ukizimwaga moja kwa moja kwenye kilo 100, ng'ombe mmoja atameza za wenzake watano.

Kabla ya kulipia katoni nzima, jaribu pakiti moja. Kijiko cha chai cha hamira, kijiko cha sukari, nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu yasiyochoma kidole. Ndani ya dakika 15 povu linapaswa kupanda. Maji yakibaki kimya, umeuziwa hamira iliyokufa, pengine kwa kukaa chini ya bati la moto. Hata ikiwa hai ulipoinunua, itakufa ukiilaza wiki kadhaa ndani ya chumvi ya madini au ukiichanganya na uji unaochemka. Dawa za kuua bakteria haziiui, kwa sababu hamira ni jamii ya kuvu.

Kuhusu uzazi, muuzaji anayekuahidi mimba kwa pakiti anakudanganya. Ng'ombe aliyezaa hukonda kwa sababu maziwa yanatoa nguvu kuliko anazokula, na akikonda sana huchelewa kuingia kwenye joto, yaani kutaka dume. Hamira ikimsaidia kula zaidi, pengo hilo hupungua. Ndiyo maana muda wake ni wiki 3 kabla ya kuzaa hadi wiki 8 au 10 baadaye. Pumba za mahindi zenye ukungu hazikombolewi na hamira, zitupe.

Kwa ndama, weka hamira kwenye chakula kikavu cha kuanzia, gramu 1 kwa siku. Maziwa anayonyonya hupita kwenye mfereji na kuliruka tumbo la kwanza, kwa hiyo hamira iliyotiwa kwenye ndoo ya maziwa haifiki inakohitajika. Haichukui nafasi ya dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, pia: ndama wa kilo 35 anywe lita 3 na nusu mapema, saa chache baada ya kuzaliwa.

Uji wa hamira wa kiwandani ni chakula cha protini, na wafugaji wa nguruwe ndio wenye faida nao zaidi. Lita 1 ina gramu 50 hivi za protini. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Usiutoe ukiwa hai. Utaendelea kuchacha tumboni, na mnyama atajaa gesi. Zaidi ya hayo, hamira hai hunyonya vitamini B1 ambayo angeitumia mwenyewe. Uchemshe polepole dakika 20 huku ukikoroga, kwa sufuria iliyojaa nusu tu kwa sababu povu hupanda ghafla. Ukipoa, utie kwenye chupa, usikaze kizibo, uangalie kwa saa chache. Ukiona mapovu, urudishe motoni. Nguruwe mwenye mimba au anayenyonyesha aanze na nusu lita, apande polepole hadi lita 2. Ongeza unga wa chokaa ya mifugo kwenye pumba zake, maana hamira ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na anayenyonyesha watoto 10 hutoa kalsiamu nyingi kwenye maziwa. Uji huo usiuweke zaidi ya siku 2 au 3.

Kujua kama pesa yako inarudi, pima maziwa siku 7 bila hamira, kisha toa hamira wiki 3 bila kubadilisha kitu kingine, upime tena siku 7. Acha ng'ombe wawili waliozaa karibu wakati mmoja na wenzao bila hamira, maana maziwa hushuka yenyewe kadiri miezi inavyokwenda, na bila hao utailaumu hamira bure. Angalia pia wanaolala kivulini: kati ya 10, zaidi ya nusu wanapaswa kuwa wanacheua.