Fundi aitwe lini? Dhana potofu kuhusu mchoro na karakana

Dhana: Mbunifu amalize mchoro kwanza, fundi ataitwa siku ya kutengeneza.

Ukweli: Tazama jiko la makaa lenye udongo ndani, lile la bati lililobanwa kiunoni, tulilolizoea Kenya. Wazo lake lilitoka Thailand, na miaka ya 1980 likageuzwa hapa ili liweze kutengenezwa na mafundi wa bati waliokuwa tayari wakigonga majiko Shauri Moyo, Nairobi. Jiko hili lina mafundi wawili: mmoja hukunja bati, mwingine hufinyanga kikombe cha udongo. Udongo hunywea ukikauka, kisha hunywea tena tanuruni. Mfinyanzi akifuata kipimo cha bati vilevile kilivyo, kikombe kitatoka kidogo na kuchezacheza ndani. Kwa hiyo kalibu hufanywa kubwa zaidi, na mwanya mdogo unaobaki hujazwa saruji, au saruji iliyochanganywa na vemikulaiti (madini mepesi yanayozuia joto). Mambo hayo huyapati kwenye karatasi. Anayo mwenye tope mikononi.

Dhana: Kumuuliza fundi mapema ni kupoteza wakati.

Ukweli: Shiti ya kawaida ya bati ni futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Niliwahi kuletewa mchoro wa mlango wa stoo, kimo milimita 1800, upana 1200. Kwa macho, unaenea. Lakini kila ukingo ulitakiwa kukunjwa milimita 25, na hapo upana unafika karibu 1250. Ikabidi tuunge kipande, tuchomelee, tusage, tupige puti, ndipo tupake rangi. Jua likiupiga ule mlango asubuhi, kiungo bado kinaonekana. Na mwenye stoo asingelalamika kupunguziwa sentimita nne.

Dhana: Kubana vipimo kila mahali, bila kuruhusu tofauti hata ndogo, ndiyo kazi safi.

Ukweli: Ni gharama tu. Bana pale vipande vinapokutana, kwenye bawaba na komeo. Kwingine acha fundi apumue.

Dhana: Basi fundi aamue yote.

Ukweli: La. Fundi akisema "haiwezekani", mara nyingi anamaanisha hana mashine hiyo. Muulize tena: bati ndilo linalokataa, au ni karakana yako? Usione haya kuuliza. Hata mimi husema "haiwezekani" nikiwa na haraka ya kufunga.