Je, wajua kwa nini mzee anayesahau hupewa njiti za kiberiti azipange?

Vipimo vingi vya kumbukumbu humtaka mzee achore saa au maumbo, ilhali wazee wengi vijijini hawakupata nafasi ya kusoma, na mkono usiozoea kalamu hushindwa kuchora hata kama akili ni timamu. Ndiyo maana watafiti wa Tanzania na Uingereza, wakifanya kazi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, waliandaa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, ambacho ndani yake mzee huonyeshwa umbo lililopangwa kwa njiti 4 za kiberiti, naye akatakiwa kulifuatisha. Huulizwa pia daraja ni nini, na husomewa maneno 10 ambayo baadaye huombwa kuyakumbuka.

Kipimo hicho huchuja tu wanaohitaji uchunguzi zaidi, hasa wa demensia, yaani kudhoofika kwa akili na kumbukumbu kiasi cha mtu kushindwa kujitegemea. Upungufu mdogo wa kumbukumbu ni mgumu zaidi kuutambua, kwa kuwa mhusika husahau kuliko wenzake wa rika lake, lakini bado hujipikia, husafiri na kuhesabu chenji dukani bila msaada. Hivyo maelezo ya mtu anayeishi naye ni ya lazima.

Kinachosikitisha ni kwamba wengi huambiwa "ni uzee tu" kabla ya kutafutwa chanzo kinachotibika. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa kiwango cha chini, ukosefu wa vitamini B12, sonona, usikivu hafifu na hata VVU vyote huweza kudhoofisha kumbukumbu. Familia ifike hospitalini na mfuko wa dawa zote anazomeza mzee, kwani diazepam ya kulalia, au Piriton inayonunuliwa dukani kwa ajili ya mafua, huweza kuwa ndiyo inayomvuruga.

Hakuna kidonge kilichothibitika kuzuia upungufu mdogo wa kumbukumbu usigeuke demensia. Mazoezi ya mwili mara 2 kwa wiki hupendekezwa, na presha isipuuzwe: utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kuishusha namba ya juu chini ya 120, badala ya 140, kulipunguza idadi ya waliopata upungufu huu, ingawa lengo la kila mzee sharti lipangwe na daktari wake.

Baada ya hapo mzee hupimwa tena kila baada ya muda, kwa sababu wapo wanaorejea hali ya kawaida, wapo wanaobaki walipo na wapo wanaoendelea kudhoofika, na siku ya kwanza tofauti hiyo haionekani.