Setilaiti moja haitoshi kuangalia miombo ya Tabora

Watu wengi hapa Tabora wakisikia nafanya kazi na picha za setilaiti wanaona kama kuna jicho moja huko juu linatutazama muda wote, bosi si ufungue tu kompyuta utuambie nani anakata miti Urambo? Haiko hivo. Sentinel-2 ya Ulaya inazunguka dunia ikiwa km 786 juu, na ikishapiga kipande cha Urambo leo, hiyohiyo inarudi kukipiga baada ya siku 10. Ndo maana wakarusha pacha wake, ya kwanza 2015 na ya pili 2017, njia moja ila zimepishana nusu mzunguko, we unapata picha kila siku 5.

Siku 5 sio mbaya kiangazi. Sasa njoo Januari, mvua imeshika, unafungua picha mawingu matupu, inayofuata mawingu tena, na mwenye shamba jipya la tumbaku ashafyeka zamani. Hapo mi nakimbilia Sentinel-1 maana ile ni rada, inatuma mawimbi yake yenyewe na kupima yanavorudi, mawingu haiyajali wala giza. Ila picha zake zimejaa chengachenga kama tivii iliyokosa antena, ukimwonyesha mkubwa wa ofisi anakuuliza kitu gani hiki, inabidi upange za tarehe tofauti ndo sehemu iliyofyekwa ijitokeze. Hizi nazo zikiwa mbili zinaweza kurudi kila siku 6, sasa Desemba 2021 moja ikaharibika umeme, ikabaki moja ya siku 12 mpaka nyingine iliporushwa Desemba 2024. Tulihangaika jamani.

Kuwa nyingi napo sio kila kitu, na hili watu hawaliangalii. Zile za kuona moto zenye kifaa kinaitwa VIIRS zilirushwa 2011, 2017 na 2022, zote tatu zinapita huku muda unaokaribiana, kwenye saa 8 mchana hivi na saa 8 usiku. Mtu akiwasha nyasi saa 11 jioni na moto ukazimika kabla ya usiku wa manane, hakuna hata moja iliyouona. Kwahiyo ukiletewa ramani ya pori la Ugalla haina nukta nyekundu ya moto hata moja, usikimbilie kuandika hakukuwa na moto, tafuta picha ya Sentinel-2 ya siku zinazofuata uangalie kama kuna doa jeusi la sehemu iliyoungua.